Kati ya Korogwe na Kibo

Mama alinipigia simu mchana nikiwa chuoni, akaniuliza kama lile likaratasi langu lenye mistari alitupe. Mafundi walikuwa wanabomoa chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Mgwashi, kule milimani, ili wapandishe tofali za kuchoma, na karatasi ilikuwa imegandana na udongo wa ukuta, haibanduki nzima. "Linanuka uvundo," akasema. Nilikuwa nimesimama kwenye jua la Dar es Salaam, jasho likinitiririka mgongoni, lakini alipotaja uvundo tu ile harufu ikanijia puani: karatasi mbichi, moshi wa mkaratusi, na blanketi ambalo halijawahi kukauka sawasawa tangu linunuliwe. Nikamwambia atupe. Halafu nikakaa chini kwenye ngazi za bweni, mtu mzima mimi.

Karatasi yenyewe ilikuwa ramani ya mabasi ya mwendokasi. Baba aliileta Idi ya mwisho aliyokuja nyumbani, imekunjwa ndani ya mfuko wa shati. Alikuwa fundi vigae huko Dar, mtu wa maneno machache, saruji haimtoki kwenye kucha hata aoge vipi. Alinikalisha kitandani akaikunjua juu ya magoti yake. "Hii ndiyo Dar," akasema. "Ukiijua hii, hupotei." Mstari mmoja mnene ulitoka baharini ukaelekea bara, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo, na juu yake vidoti, kila kidoti na jina lake. Nikamuuliza sisi tuko wapi. Baba akacheka. "Nyinyi hampo humu, mwanangu." Akaibandika ukutani kwa uji mzito, mahali penye ufa ambapo ukungu ulikuwa unaingilia, na kesho yake akaondoka.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimejua kusoma vizuri, na mtoto aliyejua kusoma juzi huamini kila kilichoandikwa. Kwa hiyo niliposoma Jangwani nikajua ni jangwa, mchanga mtupu, na watu wanashuka humo na vikapu vyao. Niliposoma Gerezani nikajua basi linaingia gerezani na kutoka. Palikuwa na Usalama, nikamwonea huruma mtu anayeishi vituo vingine vyote. Halafu palikuwa na Kagera, na Kagera mwalimu alishatufundisha: ni mkoa, uko ng'ambo ya Ziwa Victoria. Palikuwa na Argentina, na Argentina ni nchi kabisa. Nikafikia uamuzi ambao hadi leo naona haukuwa wa kijinga kwa ushahidi niliokuwa nao. Ile haikuwa ramani ya mji mmoja. Ilikuwa ramani ya dunia, na dunia nzima ilikuwa imepangwa juu ya mstari mmoja ili basi lisipate taabu.

Karibu na ncha ya mstari, kidoti cha pili kutoka mwisho, paliandikwa Korogwe. Korogwe nilikuwa naijua kwa kusimuliwa. Kila mtu wa kwetu anaijua: unashuka Bumbuli, Soni, unazunguka kona hadi Mombo, ukiingia barabara kubwa ndiyo unakwenda Korogwe, kwenye joto na machungwa. Na kidogo tu baada ya Korogwe paliandikwa Kibo. Kibo nayo tulisoma, kilele cha Kilimanjaro, na mwalimu alishatuchorea ubaoni: ukitoka Korogwe kwenda Kibo lazima upite Mombo, na juu ya Mombo ndiko tuliko sisi. Nikaweka kidole juu ya Korogwe. Nikakitembeza taratibu kuelekea Kibo, nikitafuta kwetu. Kati ya Korogwe na Kibo palikuwa na vidoti vitatu, na vidoti hivyo vilikuwa vinaitwa Bucha, Baruti na Kona.

Nilisoma tena, nikidhani nimekosea. Bucha. Baruti. Mahali pale pale ambapo ilitakiwa iandikwe Mombo, au Soni, au angalau Lushoto ambayo ni mji unaojulikana, palikuwa na machinjio na baruti, halafu barabara ikapiga kona ikaenda zake Kibo. Sikupiga kelele. Nilijifunika blanketi na kuhisi baridi inaingia kutoka ndani ya mwili badala ya nje. Kumbe kuna kitu kilitokea hapa, na kilitokea kwetu sote, na walioichora ramani walikuwa wanajua.

Sasa, simu ya mama ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye kilima cha makaburi juu ya shamba letu la kabichi. Baba alikuwa anapiga jioni akiwa njiani kutoka kazini, saa ambayo mama yuko bondeni anakata majani ya ng'ombe, kwa hiyo kazi ya kwenda na simu kilimani ilikuwa yangu. Nilisimama kati ya kaburi la babu na kaburi la bibi, ukungu ukipanda kutoka bondeni na kufuta kwanza shamba, kisha paa la nyumba yetu, kisha kila kitu, na simu ikaita.

"Zaina! Mko wazima huko?"

Ndivyo alivyoanza kila siku. Wewe unayesoma hili umeulizwa swali hilo maisha yako yote na umelijibu bila kulisikia. Mimi nilianza kulisikia. Mko wazima? Kwa nini aulize kila siku, kama ana uhakika? Nilimjibu wazima, kwa sababu ndivyo nilivyofunzwa kujibu, lakini sauti ilitoka ndogo.

"Nawakumbuka sana," baba akasema. "Nawaombea kila siku."

Maneno hayo niliyajua. Ndiyo tuliyowaambia babu na bibi tulipokwenda kuwazuru, tumesimama papo hapo niliposimama na simu sikioni. Nikatazama lile kaburi la bibi, nikajiuliza kama naye huwa anasikia kidogo kidogo hivi, sauti inakatikakatika, na hawezi kujibu zaidi ya wazima.

"Haya, ndiyo naingia Korogwe hapa," baba akasema. "Nashuka. Nafika nyumbani sasa hivi."

Mwanzoni, siku aliposema hivyo mara ya kwanza, nilikimbia hadi barabarani kumngoja. Nilidhani Korogwe si mbali. Niliona taa za gari zikija ndani ya ukungu, njano na za kuyeyuka, nikasikia hatua za watu walioshuka wakizungumza Kishambaa, wakapita, na baba hakuwemo. Kesho yake akasema tena: naingia Korogwe, nafika nyumbani. Na kesho kutwa. Alikuwa anafika Korogwe kila jioni na hapandi. Ndipo nilipoielewa ramani yote. Baba alikuwa anafika mpaka pale mtu aliye hai anapoweza kufika. Kutoka hapo kuja kwetu hapakuwa na kituo.

Nilianza kuichunguza nyumba yetu. Asubuhi tulipumua na pumzi zikatoka moshi, mimi, mama, watoto wote kwenye mstari wa shule, na nikajiuliza ni mtu gani mzima anatoa moshi mdomoni. Kivuli changu sikukiona siku nyingi, kwa ukungu ule. Mama alikuwa anachota maji, anapalilia, anagombana na jirani juu ya mfereji wa kumwagilia, hajui kwamba tulishakufa. Ilinitia uchungu sana kumwangalia akijichosha hivyo. Ng'ombe sikuwa na hakika naye, maana alikuwa na joto zuri, na nilikwenda kumwegemea ubavuni nilipozidiwa.

Nilivumilia hadi siku moja jioni mama akaniuliza, mzigo wa majani bado kichwani, kama baba kasema anakuja lini. Idi mbili zilikuwa zimepita.

"Baba hawezi kuja," nikasema. "Anaishia Korogwe."

Mama akautua mzigo. "Korogwe ipi? Nani kakwambia?"

"Mwenyewe. Kila siku anaingia Korogwe, anasema anafika nyumbani."

Aliniambia nirudie. Nikarudia neno kwa neno. Akaketi juu ya mzigo wa majani, akasema kitu kwa Kishambaa, polepole, si cha kuniambia mimi. Sikujua wakati ule alichokuwa anakiwaza, nakijua sasa. Mimi niliona baba yuko kwa walio hai. Mama aliona mumewe amerudi kutoka Dar kimyakimya, amepanga chumba hapo chini, mwendo wa nusu siku, na hataki kupanda.

Tuliondoka na basi la alfajiri. Mama alivaa baibui lake la harusini na kubeba kapu la peasi, nadhani ili akimkuta awe na cha kumpa kabla ya kumuuliza. Nilikaa dirishani nikingoja mahali ambapo barabara itakatika. Haikukatika. Soni ikapita, maporomoko ya maji yakapita, kona zikapita na abiria wawili wakitapika, tukaingia Mombo, joto likaniziba masikio, na mwishoni kabisa tukashuka stendi ya Korogwe, kwenye mwanga mkali ambao nilikuwa sijawahi kuuona. Kivuli changu kilikuwa chini, cheusi. Nilikikanyaga nikidhani ni maji.

Tukakaa kwenye benchi kusubiri saa ya baba kupiga simu. Wauza machungwa walipita na beseni vichwani, wapiga debe wakaita Tanga, Tanga, Moshi, na hakuna aliyetutazama. Mpiga debe mmoja aliniegemea begani kabisa akimpigia kelele mwenzake, kama anaegemea nguzo. Nikamshika mama mkono. Nilitaka kumwambia hawatuoni, tusipoteze nguvu, turudi kwetu. Jua likaanza kushuka na simu ikaita, na kwa kuwa stendi ilikuwa na kelele mama akaweka sauti kubwa.

"Mko wazima huko?" baba akauliza.

"Wazima," mama akasema. "Uko wapi, Baba Zaina?"

"Njiani. Ndiyo nashuka Korogwe."

"Unashuka sasa hivi?"

"Sasa hivi. Nimeshashuka."

Mama akasimama. Akazunguka pale alipo akitazama kila basi, kila mlango, kila mwanamume mwenye mfuko wa zana. Mimi nilisimama juu ya benchi ili nione. "Tuko hapa," mama akasema. "Mimi na Zaina, tuko Korogwe. Tuko stendi. Tupungie mkono."

Simu haikukatika. Nilisikia magari upande wa pili, honi, watu, kama yale ya kwetu pale stendi ila yamepishana kidogo. Alikuwa amesimama mahali pale pale, ndivyo nilivyoamini, labda hatua chache tu kutoka kwenye benchi letu, akigeuka na kugeuka, asituone. Nikapunga mikono yote miwili.

"Mama Zaina," akasema mwishowe. "Korogwe ipi?"

Hapo ndipo sauti ya mtoto ikaingia, karibu kabisa na simu. "Baba, twende! Mama anatungoja nyumbani."

"Zaina, nyamaza kidogo," baba akasema.

"Nimenyamaza, baba," nikajibu, nikashusha mikono.

Lakini hakuwa ananiambia mimi. Yule wa upande wa pili akacheka, akasema kitu kuhusu viatu, na simu ikakatika kweli. Mama alibaki ameishika mbele ya kifua chake. Wapiga debe waliendelea. Mimi nilikuwa nimeelewa jambo kubwa mno kwa umri wangu, na nililipokea kwa utulivu, kwa sababu hatimaye kila kitu kilikaa sawa: Zaina aliye hai yuko na baba yake, ana viatu, mama yake anamngoja. Mimi ni yule mwingine.

"Mama," nikasema, "yule ni mimi nilipokuwa hai?"

Sijui kama kuna mtu amewahi kuulizwa swali kama hilo kwenye stendi ya mabasi. Mama akapiga magoti kwenye vumbi na baibui lake la harusini, akanifinya mkono, akafinya kweli, kwa kucha.

"Inauma?"

"Inauma!"

"Basi uko hai. Na mimi inaniuma. Tuko hai wote wawili, umesikia? Asikudanganye mtu." Halafu akalia, na nikalia pia, kwa ule mkono. Mpiga debe aliyeniegemea akaja kutuuliza kama tumeibiwa. Mama akamgawia peasi zote, yeye na wenzake, tukapata basi la kurudi.

Hakunieleza mengi, na mimi sikuuliza. Alibadilisha laini. Baba akiwa na la kusema alimpigia jirani, baadaye akaacha. Ramani ilibaki ukutani kwa sababu hakuna aliyetaka kuigusa, nikalala chini yake hadi nilipokwenda sekondari, na hata baada ya kujua kwamba Korogwe iko pia ndani ya Dar, kituo tu cha Kimara, bado nilikuwa nikipita kwenye kilima cha makaburi naharakisha mwendo. Kufinywa kulinihakikishia mchana. Ukungu ukishuka nilikuwa sijui tena.

Nimekuja Dar kusoma, na nimeujua mji jinsi ulivyo. Ukimuuliza mtu anakaa wapi hatakutajia wilaya, Kinondoni au Ubungo au Temeke. Hizo ni za kwenye fomu. Atakutajia bucha lililokuwepo zamani, au mwembe, au baa, au mji aliotoka mtu wa kwanza kujenga pale, na jina likishashika hata bucha lifungwe watu wataendelea kushuka Bucha. Nimejua pia ramani ya mabasi inavyotengenezwa. Wanainyoosha barabara iliyopinda, wanalinganisha nafasi kati ya vituo hata kama kimoja ni karibu na kingine ni mbali, wanaondoa vilima na mabonde, na mahali basi lisiposimama hapaandikwi. Ni kazi nzuri na inasaidia watu. Mtu anaweza tu kuishi maisha yake yote kati ya kidoti na kidoti, na karatasi isimjue. Mimi mwenyewe nilikuwa napanda mabasi hayo kila wiki, lakini nilikuwa nashuka Ubungo. Sikuwahi kuvuka Kibo.

Wiki ile aliyonipigia mama simu, nikavuka. Sikujipanga. Nilikaa tu kwenye kiti na basi likapita Kibo, likapita Kona, Baruti, Bucha, na nilihisi ile baridi ya chini ya blanketi katikati ya joto la watu. Nikashuka Korogwe. Muuza duka aliponisikia namtafuta fundi vigae Mshambaa akanionyesha uchochoro bila kuacha kupima sukari. "Baba Zaina? Geti la kijani."

Nilifurahi, nakiri. Miaka yote ile, na bado wanamwita kwa jina langu.

Aliyefungua geti alikuwa msichana wa sekondari, ushungi umemlegea, kalamu mkononi. Alikuwa na paji la uso kama langu. "Karibu," akasema. "Unamtaka nani?"

"Baba. Mimi naitwa Zaina."

Akatabasamu kwa adabu. "Zaina ni mimi."

"Mimi ni Zaina wa Mgwashi."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki pale limesahaulika. Kisha akashusha macho akanitazama miguu. Nilielewa anachotafuta, kwa kuwa nami nimekua nikiambiwa kwamba kiumbe asiye mtu utamjua kwa kwato, na kwamba akikusalimu usimwitikie. Nilikuwa nimevaa kandambili. Nikamwacha atazame.

"Zaina wa Mgwashi alikufa," akasema, kwa sauti ya chini, kama anaogopa kuniudhi. "Yeye na mama yake. Gari lilitumbukia bondeni, mimi sijazaliwa. Ndiyo nikapewa jina lake. Kila Alhamisi tunawasomea dua."

Nilitaka kumwambia kwamba si kweli. Lakini nilikuwa na umri wa miaka tisa tena, kilimani, ukungu unapanda. Niliwahi kufa, basi. Sikukosea kuisoma ile ramani. Nilikosea tu mahali tulipofia.

"Zaina," sauti ikaita kutoka ndani. "Nani huyo?"

Wote wawili tulifungua midomo kuitika. Kabla hatujasema neno akatokea kwenye baraza, msuli kiunoni, ndevu zimekuwa nyeupe, akaniona. Akashika nguzo. Sikuwa nimepanga la kumwambia, na kati ya yote niliyokuwa nayo miaka yote ile, likanitoka lile tu ambalo mtoto wa kwetu humwambia mzazi.

"Shikamoo, baba."

Kwetu milimani salamu hiyo haiachwi hewani, hata mkiwa mmegombana. Mdomo huitika wenyewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Yule msichana akageuka kumtazama, mkono wake bado uko kwenye geti.

"Baba," akasema, "umemwitikia?"